Bayume Mohamed Husen: Askari wa Mahiwa Aliyeachwa Nje ya Daftari

Ndugu wana-Lindi, kila mwaka kijitabu cha harambee yetu hutenga kurasa chache kwa mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yaligusa ardhi yetu. Safari hii ni zamu ya mtu ambaye hakuzaliwa Lindi wala hakuzikwa Lindi, ila alifanya kazi mjini kwetu akiwa mtoto, na damu yake ilimwagika Mahiwa. Ujerumani ameandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Huku kwetu wanaomjua si wengi, ingawa kisa chake kinatuhusu kuliko kinavyowahusu wao.

Mtoto wa afande

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, na alifikia cheo cha efendi, ambacho ndicho kilichotuachia neno afande tunalolitumia hadi leo.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka uliofuata, 1905, Vita vya Maji Maji vililipuka katika milima ya Umatumbi, Kilwa, vikasambaa kusini nzima. Jeshi alilolitumikia baba yake ndilo lililovizima vita hivyo kwa bunduki, kwa kuchoma mashamba na kwa njaa. Wazee wengi wa mkoa wetu hawakuwa na sababu ya kulipenda jeshi lile, na sisi wajukuu wao hatulazimiki kulipenda. Lakini mtoto hachagui anapozaliwa. Mahjub alizaliwa katika familia ya askari, akakua akisikia amri za Kijerumani, akajifunza lugha hiyo mapema.

Lugha hiyo ndiyo iliyomleta Lindi. Kabla ya vita alikuwa karani katika kiwanda cha nguo mjini kwetu, mtoto ambaye hata miaka kumi na moja hajatimiza. Mtu anayejua kusoma na kuandika siku zile alikuwa na thamani, hata awe mdogo kiasi gani. Kazi yake ya kwanza basi ilikuwa ya kuandika, na uandishi huohuo ndio utakaokuja kuamua mengi katika maisha yake.

Mahiwa, Oktoba 1917

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Mahjub na baba yake waliingia wote wawili katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi. Leo tungemwita mtoto askari, na tungewashitaki waliomwandikisha.

Vita ilizunguka nchi nzima kabla ya kutua kwetu. Septemba 1916 Waingereza waliiteka Lindi kutoka baharini. Mwaka uliofuata walianza kusonga kuelekea bara, wakikusudia kulibana jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lisiweze kuvuka Mto Ruvuma. Njia waliyopita wengi wetu tunaijua: ukitoka Lindi mjini kwenda Masasi unapita Mtama, halafu Nyangao. Hapo jirani ndipo Mahiwa.

Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 pale Mahiwa na Nyangao palipiganwa moja ya mapigano makali kabisa ya vita ile katika Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza kulikuwa na maelfu ya askari, wakiwemo Wanigeria na askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya. Upande wa Wajerumani kulikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao Waafrika. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa vifo na majeraha. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini hawakuwa na watu wa kujazia mapengo, na risasi zilikuwa zikiwaishia. Mwezi mmoja baadaye Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia upande wa Wareno.

Mahjub hakuvuka naye. Alijeruhiwa Mahiwa, akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Safari ya kudai

Wenzake waliobaki waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Nchi ikawa ya Waingereza, ikaitwa Tanganyika. Askari waliopigana upande wa Wajerumani walirudi makwao wakiwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Serikali waliyoidai ilikuwa imeondoka, na makao yake yalikuwa ng'ambo ya bahari.

Mahjub alitafuta riziki melini. Alifanya kazi za utumishi katika meli za abiria, na kufikia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Mwaka 1929 alifika Berlin. Shabaha yake ilikuwa moja: kudai malimbikizo ya mishahara ya vita, yake na ya baba yake.

Ninafanya kazi ya uhasibu, na kila nikikisoma kisa hiki hapa ndipo ninaposimama. Deni lilikuwa halali. Mdai alikuwepo, mdaiwa alikuwepo, na kazi ilikuwa imefanyika. Ujerumani yenyewe ilikwisha kukubali kwamba inadaiwa, kwa sababu katika miaka ile ya 1920 iliwalipa askari wengine malimbikizo yao. Hata hivyo Wizara ya Mambo ya Nje mjini Berlin ilimjibu kwamba amechelewa na muda wa kudai umepita. Kijana aliyejeruhiwa akiwa na miaka kumi na mitatu aliambiwa hivyo akiwa na miaka ishirini na mitano. Haikusemwa kwamba hakupigana. Kilichomnyima haki kilikuwa tarehe.

Alibaki Berlin. Huko alitumia jina la Bayume Mohamed Husen, na ndilo alilojulikana nalo hadi mwisho. Alipata kazi ya kuhudumia wateja katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland. Pia alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa malipo madogo, akiwasaidia maprofesa wa lugha za Kiafrika. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Adolf Hitler alishika serikali.

Nishani

Mwaka 1934 Rais Hindenburg wa Ujerumani alianzisha nishani ya heshima kwa watu wa Vita Kuu. Ilikuwa na ngazi tatu: ya wapiganaji wa mstari wa mbele, ya watu wengine waliotumikia jeshi, na ya wajane na wazazi wa waliouawa. Nishani hiyo haikuja yenyewe. Ilibidi mtu aombe na aonyeshe uthibitisho wa utumishi wake.

Husen aliomba ile ya wapiganaji wa mstari wa mbele. Mahiwa ilikuwa mstari wa mbele kwa kipimo chochote kile, na kovu alikuwa nalo. Ombi lake lilikataliwa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachofanya watu wengi wamkumbuke. Alikwenda kwa muuza vifaa vya kijeshi akainunua nishani kwa fedha zake. Akavaa sare ya askari, akaibandika kifuani, akasimama nayo hadharani.

Kuna wanaolisoma jambo hilo kama ulaghai, na wengine kama kichekesho. Kwa hesabu zangu ni kinyume chake. Mlaghai hudai kitu asichokifanyia kazi. Huyu alikuwa amekwisha kulipa, tena kwa mwili wake, na kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye daftari la mwajiri. Kwa kuwa mwajiri alikataa kuuandika, mfanyakazi aliuandika mwenyewe mahali pekee alipoweza kuufikia, yaani kifuani pake. Tatizo ni kwamba nishani isiyo na kumbukumbu ofisini ni sawa na kiwanja kisicho na hati. Unaweza kukaa juu yake miaka mingi, lakini siku mwenye nguvu atakapokuja kukutoa, huna cha kumwonyesha.

Wala tusimfanye malaika. Mikutano ambayo Husen aliivalia sare hiyo ilikuwa ya Wajerumani waliotaka warudishiwe makoloni yao, Tanganyika ikiwemo. Aliwaunga mkono. Alishiriki pia katika maonyesho yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo yalizunguka miji ya Ujerumani yakiwaonyesha watu weusi kwa watazamaji na kuwatumia katika propaganda ya serikali. Haya yanauma kuyasoma. Lakini tutazame pia alivyobanwa. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake Haus Vaterland, na mwaka huohuo zikatungwa sheria za ubaguzi wa rangi na damu. Milango ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mikutano ile ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mjerumani alikuwa tayari kutamka kwamba mtu huyu aliwahi kuwa askari.

Alipata riziki nyingine katika filamu. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, mara nyingi kama mtumishi au mpita njia. Nafasi yake kubwa ya mwisho ilikuwa katika filamu ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Husen aliigiza kama Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters.

Jina lilipoandikwa

Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Husen alijitolea kuingia tena katika jeshi la Ujerumani. Akakataliwa. Mwaka 1941 polisi wa siri wa Hitler walimkamata kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo serikali ile ililiita kuichafua damu ya taifa. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin.

Serikali iliyoshindwa kuliandika jina lake kwenye orodha ya mishahara na kwenye orodha ya nishani sasa iliona vyema kuliandika kwenye orodha ya wafungwa. Huko alikaa zaidi ya miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arobaini. Ilikuwa siku moja pungufu ya miaka 26 tangu jeshi alilolimwagia damu liweke silaha chini. Watoto wake wawili aliozaa na Maria, Ahmed Adam na Annemarie, walikuwa wamekufa wakiwa wadogo. Mola awarehemu wote.

Daftari kurekebishwa

Kwa miaka zaidi ya sitini jina lake lilikaa kimya. Kisha mtafiti wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alifuatilia maisha yake katika majalada ya zamani, akayaandikia kitabu kilichotoka mwaka 2007. Mwaka huohuo, mbele ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße namba 193, Berlin, liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba. Mawe ya namna hii, yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig, hupachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kila moja huwa na jina la mtu mmoja aliyedhulumiwa na utawala wa Hitler. Baadaye ikafuata filamu ya Eva Knopf, iitwayo Majubs Reise.

Naomba tutulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana faida kwetu. Mtu anawezaje kujulikana hivi baada ya miaka yote hiyo? Anajulikana kwa sababu alidai, na alidai ofisini. Madai yake ya mishahara yaliingia kwenye majalada. Ombi lake la nishani liliingia kwenye majalada. Yalikataliwa yote, lakini hata jibu la kukataa linahitaji karatasi, na karatasi ile huhifadhiwa. Waliomnyima haki yake ndio waliomtunzia ushahidi wake bila kukusudia. Hakupata senti, lakini hakufutika.

Sasa tuwafikirie wale waliokuwa pamoja naye Mahiwa. Nyuma ya kila askari, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani, walitembea wapagazi. Walibeba risasi, mahindi, machela za majeruhi na hata vipande vya mizinga. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, na vijiji vyetu vya kusini havikusalimika. Katika vita ile wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuandikwa majina vizuri, wengine hawakuandikwa kabisa. Hao hawakuwa na nishani ya kuomba wala jalada la kufunguliwa. Hakuna mtafiti, hata awe hodari vipi, atakayewapata kwa njia aliyopatikana Husen.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa kuhusu askari wale. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali hatimaye kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bado. Inasemekana mamia walijitokeza Mwanza, na ni wachache tu waliokuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Mwenye kulipa akapata wazo: kila mzee alipewa fagio, akaamriwa kwa Kijerumani atumie fagio lile kama bunduki. Wakaonyesha gwaride lao, na wakalipwa. Kisa hicho hutuchekesha. Lakini mzee wa miaka sabini kupigishwa gwaride na fagio ili aaminiwe ni gharama ya karatasi iliyopotea. Na Husen, ambaye angekuwa na miaka sitini mwaka ule, hakuwepo kulishika fagio.

Na sisi je?

Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tunauchukulia kuwa ni wa wafanyabiashara, lakini unafaa hata zaidi kwa utumishi wa mtu. Tunao wazee Lindi waliofundisha shule miaka thelathini, waliotibu, waliojenga barabara, waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Yupo ambaye barua yake ya ajira iliungua pamoja na nyumba, na yupo ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi moja tofauti katika hati mbili, na herufi hiyo moja ikatosha kumzuia. Wapo pia wajane wanaoambiwa, kama Husen alivyoambiwa mwaka 1929, kwamba muda umepita. Hawa hawaombi hisani. Wanadai stahili yao, ila hawana wa kuwaandikia.

Ndiyo maana katika bajeti ya mwaka huu, pamoja na madawati na dawa za zahanati, kamati imependekeza fungu dogo la nyaraka za wazee. Fedha hizo zitalipia nakala, picha, nauli za kufuatilia ofisini, viapo vya kurekebisha majina, na masanduku ya bati ya kuhifadhia vyeti visiliwe na mchwa. Kazi ya kuandika barua na kupanga majalada tutaifanya wenyewe tunaojua kazi hiyo, bila malipo. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya mkutano mkuu.

Pia tunaomba jambo lisilohitaji fedha. Ukija kwenye harambee, njoo na jina la mzee wa ukoo wenu ambaye katika familia inasimuliwa kwamba alikuwa askari au mpagazi wa vita ile, upande wowote. Andika jina lake, la baba yake, kijiji chake, na yale mliyosimuliwa, pamoja na jina la aliyesimulia. Kama bibi bado yupo na anakumbuka, muulize mwezi huu, usisubiri likizo ijayo. Meza ya kuandikisha itakuwa mlangoni, karibu na ya michango, na daftari litakuwa wazi tangu saa tatu asubuhi.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Karibuni sana.